Bangili Iliyoshinda Misumeno

Kwa miaka kumi na mmoja Mwenze alisugua malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, katika duka la Bwana Delcour mjini Élisabethville, na kwa muda huo wote alikuwa amejifunza jambo moja kubwa: mzungu mwenye duka la mawe hakosei. Jiwe ndilo linalokosea.

Bwana Delcour alikuwa mtaalamu. Hilo liliandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye kioo cha duka, basi nani angebisha? Utaalamu wenyewe ulitoka katika kitabu kinene cha vito kilichopangwa kwa alfabeti. Alikisoma kwa bidii hadi M, akafika malakiti, akaona inatosha, kwa kuwa vinyago vya tembo na visahani vya majivu vya malakiti ndivyo vilivyomlisha. Mwenze, aliyefundishwa Kifaransa na mapadri, ndiye aliyekipangusa vumbi kila Jumamosi. Akipangusa, anasoma. Alishafika T.

Asubuhi moja ya mwaka 1949 aliingia mama Victorine, mjane aliyeuza samaki wakavu sokoni, mkono wa kulia umemvimba kama mkate. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za soko akaangukia saruji. Bangili yake ya kijani kilichokolea ilikuwa imezama ndani ya nyama, na masista wa zahanati walimwambia atafute wa kuikata upesi, kabla vidole havijafa.

"Nilivalaka hii tangu niko kabinti, Bwana," alisema. "Baba alipewaka na Muchina mumoja, benye balitumika kazi pamoja ku reli ya Matadi."

Bwana Delcour aliitazama kwa sekunde mbili. Mtaalamu halisi hahitaji tatu.

"Chupa ya bia iliyoyeyushwa," akatangaza. "Dakika moja tu, mama."

Mwenze aliinama karibu. Kioo kingepasuka pale kwenye ngazi, lakini hii haikuwa na hata ufa. Tena mng'ao wake ulikuwa mzito, kama kitu kilichopakwa mafuta. Akaukumbuka ukurasa wenye doa la kahawa, kwenye herufi N: nefriti, mojawapo ya mawe mawili yanayoitwa jade.

"Bwana," alisema kwa adabu, "labda iko jade."

"Jade! Mwenze, jade iko ku shingo ya ma-dame ya Bruxelles. Haiko ku mukono ya mama wa samaki."

Basi likawa limekwisha kuthibitishwa. Bwana akachukua msumeno wake mwembamba, akaanza kukata. Baada ya dakika tano bangili ilikuwa na mstari wa kijivu, naye akatabasamu. Mwenze akaufuta mstari kwa kidole. Kumbe ulikuwa chuma cha msumeno wenyewe. Msumeno wa pili ukavunjika. Wa tatu ukavunjika na kumchana Bwana kidole gumba, akamkodolea macho mama Victorine kana kwamba ndiye aliyemng'ata.

"Lete nyundo."

"Na mukono yangu?" mama aliuliza.

Hilo mtaalamu hakuwa amelifikiria. Kwa bahati njema saa sita iligonga, na sayansi nayo hula na kulala. Bwana akavaa kofia yake, akaagiza mtu asiguse chochote hadi atakaporudi, akaenda zake.

Mwenze akagusa. Aliuinua mkono wa mama juu, akauchovya kwenye ndoo ya maji baridi, akauinua tena, mara nyingi, huku akimwomba radhi kila alipokunja uso. Uvimbe ulipolegea akaupaka mawese, akapitisha kitambaa chembamba chini ya bangili, akavuta taratibu. Mama alimwita Yesu, akawaita na watakatifu wachache. Bangili ikachomoka ghafla, ikamponyoka Mwenze, ikaanguka kwenye saruji na kulia kama kengele ndogo ya altare.

"Imekufa!" mama alipiga kelele.

Mwenze aliiokota, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nzima.

"Haiwezi kufa pale-pale, mama. Ndani iko nyuzi-nyuzi zimesukana sawa mukeka. Almasi iko ngumu kupita hii, lakini almasi ukiipiga nyundo inaweza kupasuka. Hii inavumilia. Rangi yake ikilingana vile, bale benye kuijua banaipenda sana."

Bwana Delcour aliporudi alikuta mama anakunywa chai, bangili ipo mezani. Aliingia nyuma, na Mwenze akasikia kurasa za kitabu zikifunuliwa upesi, zile za baada ya M. Bwana alitoka na uso mpya kabisa, wenye huruma.

"Mama, hii kitu haina bei. Lakini miye niko na roho muzuri. Nitakupa tembo ya malakiti, mukubwa."

"Kama haina bei, Bwana, nitakuibia tembo yako," alijibu mama Victorine. "Muzuri nirudie nayo."

Akaivaa mkono wa kushoto, akamshukuru Mwenze, akatoka.

"Ulijua?" Bwana aliuliza.

"Nilisema, Bwana."

Kosa la kusema kweli mapema halikuwa na msamaha dukani pale. Mwenze akahamishiwa ua wa nyuma, kusugua visahani peke yake kwenye vumbi. Adhabu ilikuwa kali kweli: kulikuwa na kivuli, na Bwana, aliyependa suti zake nyeupe, hakukanyaga huko hata siku moja.

Jumapili ya pili mama Victorine alikuja nyumbani kwa Mwenze na samaki wa Kasenga. Mkono umepona. Alikaa jikoni na Honorine, mke wa Mwenze, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, bangili ikipanda na kushuka.

"Basi nikiuza, nitapata mingi?" alimwuliza Mwenze, aliyekaa mlangoni.

"Mingi, mama. Lakini utafute mutu wa kuaminika."

Mama alifikiri kidogo, mchi mkononi.

"Ule Muchina alikuwa mutu muzuri," alisema. Hakuuliza tena habari ya bei; aliisukuma bangili juu mkononi, akamwomba Honorine chumvi.