Tembo Kwenye Laini ya Mombasa

Kwanza nieleweke: sikwenda posta ya Voi kufanya kazi. Mwaka huo wa sabini na tisa nilikuwa likizo ya uzazi, wiki ya tano, na nilimpeleka Dinah akaonwe. Mtoto mzuri namna ile unamfichia nini?

Ila roho yangu haikutulia. Kulikuwa na nyumba mtaa wa Kaloleni, vyumba viwili na jiko, na mwenyewe alitupa muda mpaka Ijumaa, ikipita anamwuzia mwingine. Thadeus, mume wangu, alikuwa kibarua shamba la mkonge, kwa hivyo mkopo tuliuomba kwa mshahara wangu. Kampuni ya nyumba kule Mombasa ikajibu kwamba karatasi ziko sawa, lakini watampigia simu bosi wangu kwanza, wamwulize kama mwanamke aliyejifungua atarudi kazini kweli. Niliisoma barua hiyo mara tatu, nikacheka kwa hasira. Sasa ilikuwa Alhamisi na hawajapiga.

Mwenzangu Nanzala alimbeba Dinah, akamsifu, akanirudishia. "Mama Dinah, nishikie mtambo wa simu dakika tano nikanywe chai. Tangu asubuhi sijainuka."

Nikakaa. Hedifoni kichwani, Dinah kwenye titi, nikaanza kuunganisha watu. Mtu wa Mwatate anataka hospitali, hospitali inataka stesheni, stesheni inataka Mtito. Miaka sita mikono imezoea zile waya. Raha niliyosikia, sijui niiseme vipi. Nilikuwa na hamu ya kazi ile kama mtu aliyenyimwa chumvi.

Taa ya Mombasa ikawaka.

"Hapa Voi," nikasema.

"Nipe postmasta. Ni kampuni ya nyumba, kuhusu mfanyakazi wake, Tryphena Wakesho."

 Bwana Kimeu, postmasta wetu, si mtu mbaya, lakini ana mdomo. Siku naondoka alisema mbele ya watu wote kwamba nikishanogewa na mtoto hawanioni tena. Leo akiulizwa atasema hivyo hivyo, na nyumba imekwenda. Na waya nimeishika mimi. Ningeweza kukaza sauti nijifanye Bwana Kimeu, ila yeye anaunguruma na mimi naimba sauti ya kwanza kwaya ya Sagalla. Ningeweza kuichomoa, kwa maana laini ya Mombasa ilikatika kila mara, tembo wa mbugani wakijikuna kwenye nguzo mpaka zinaanguka, na hakuna ambaye angeshangaa. Sikufikiria kwamba kesho ni Ijumaa, na laini ikikatika leo nyumba imekwenda vile vile. Niliogopa tu.

"Bwana, samahani," nikaanza, "huku kuna tembo..."

Titi likamponyoka Dinah. Akalia, mdomo wake uko pale pale kwenye maiki iliyoning'inia kifuani.

"Huyo ndiye tembo?" yule bwana akauliza.

"Ni mtoto, bwana."

"Mtoto anafanya nini kwenye mtambo wa simu?"

"Ananyonya. Ni wangu. Mimi ndiye Tryphena Wakesho."

"Si uko likizo, mama?"

"Niko likizo."

"Na hapo unafanya nini?"

"Kazi," nikasema, na hasira ya ile barua ikanipanda yote. "Tangu nikae hapa nimeunganisha simu kumi na moja na huyu mkononi. Yako ni ya kumi na mbili. Sasa nikupe Bwana Kimeu umwulize kama nitarudi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Hapana. Nilichotaka kuuliza nimeshakisikia. Njoo kesho na treni ya alfajiri utie sahihi. Na huyo tembo mje naye."

Nanzala alinikuta nacheka na kulia kwa pamoja. Bwana Kimeu naye akatoka ofisini, karatasi mkononi.

"Mombasa bado hawajapiga?" akauliza. "Tangu Jumatatu nilipopata barua yao nangoja. Nimeandika kabisa ya kuwaambia, nisisahau." Akanisomea, miwani puani: Wakesho hana mwenzake kwenye mtambo huu, na asiporudi, posta ya Voi itafunga.

Niliona haya mpaka masikioni. Nikamwambia wamepiga na wamekubali, nikampa Dinah amshike, nikakimbia stesheni kukata tikiti.