Mama Mkwe Ndani ya Printa

Kisa hiki ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Humu ndani hamna chumvi hata ya kutilia kwenye yai. Nikibainika nimedanganya popote, namweka rehani jogoo wangu mwekundu, na kila mtu hapa Konongo anajua ninavyompenda yule jogoo.

Yaliyotokea yalimpata mzee mmoja anayeitwa Tweneboa. Mzee huyo alipima magunia ya kakao ghalani kwa miaka thelathini na moja, na tangu astaafu hakuna kazi duniani ambayo hakuwahi kuifanya. Ukimtajia injini, aliwahi kuifungua akiwa amefumba macho. Ukimtajia meno, aliwahi kumng'oa chifu jino kwa uzi wa kushonea magunia, na chifu akamshukuru huku anacheka. Mkewe, Birago, alishaacha kubishana naye. Siku hizi alikuwa anamwambia tu, "Haya, mume wangu, na mvua je? Uliiumba wewe?"

Sasa mama yake Birago, Nana Konamah, akafariki akiwa na miaka tisini na nne. Ukoo ukakaa kugawana majukumu ya mazishi. Mjomba Bekoe, mdogo wake marehemu na ndiye mkuu wa ukoo, akawapangia mmoja baada ya mwingine: huyu jeneza, yule viti na maturubai, wale chakula. Akamfikia Tweneboa.

"Haya, mkwe. Wewe ni kondoo, kama kawaida ya wakwe."

Tweneboa akakohoa. Kondoo si mnyama mdogo, hasa ukiwa wewe ndiye unayemtoa.

"Mjomba, kondoo ataliwa na kusahauliwa," alisema kwa huzuni kubwa. "Mimi nataka kumpa Mama heshima inayobaki. Nitachapa vitabu vya ibada. Nyumbani kwangu, kwa printa yangu, kwa mikono yangu hii. Mia moja na hamsini, picha ya Mama kwa rangi."

"Printa gani?" aliuliza Dwomoh, mdogo wake Birago, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kuchukua likizo. "Ile aliyokuletea mwanao kutoka Accra, ukaigeuza ya kuwekea kofia?"

"Shemeji, mambo ya mitambo waachie wenyewe. Printa nilifundishwa na Wajerumani."

Wajerumani gani, wapi, na walikuja lini Konongo, hakuna aliyeuliza. Msiba una mengi. Mjomba Bekoe akakubali, kondoo akafutwa, na Tweneboa akarudi nyumbani anapiga mluzi mpaka alipokumbuka kwamba ametoka msibani.

Birago hakupiga mluzi. Alimsimamisha mlangoni.

"Tweneboa, nisikilize. Jumamosi hiyo kuna mazishi sita hapa mjini, maduka ya kuchapa yote yamejaa. Tukikosa vitabu, watu wataimba nini? Watajuaje Mama alizaa wangapi? Watajipepea kwa nini juani? Mama ni mmoja na anazikwa mara moja. Ukiniaibisha mbele ya ukoo wangu, usinitafute."

"Mke wangu, hesabu vimeshachapwa."

Hapa inabidi nieleze jambo moja dogo. Daktari alikuwa amemkataza Tweneboa sukari. Naye alikuwa amemwapia Birago, mkono juu ya Biblia, kwamba hatatia kitu kitamu kinywani tena mpaka kiama. Sasa, mtu wa umri ule anahitaji mahali pake pa faragha, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mahali ambapo Birago hafagii, isipokuwa mahali pamoja tu: chini ya kifuniko cha printa, upande wa kulia, penye kijukwaa kinachotosha kabisa kashata ya karanga. Kashata moja tu. Ndogo, ya kidole gumba. Hata mtoto angeicheka.

Alhamisi asubuhi Tweneboa akavaa miwani, akapandisha mikono ya shati, akawasha mtambo. Kurasa za kwanza zikatoka safi kabisa: Nana Konamah amekaa kwenye kiti, amekunja uso vilevile alivyokuwa akimkunjia mkwe wake kwa miaka arobaini. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ikafika puani mwa marehemu, mtambo ukasema kraa! na kusimama. Taa ikaanza kupepesa. Kwenye kioo kidogo yakatokea maneno: kigari kimekwama.

Kigari ndicho kile kinachobeba katriji za wino, kinakwenda kushoto na kulia kama mama anayepiga deki. Tweneboa hakushtuka. Alizima, akawasha. Kraa! Akachomoa waya ukutani, akahesabu hadi sitini kwa Kijerumani, lugha ambayo alijua namba zake mpaka nne, akachomeka. Kraa! Akatoa karatasi zote, akazirudisha zikiwa zimenyooka zaidi. Kraa!

"Ni vipande vya shaba vya katriji," alijiambia. "Vina uchafu."

Akazitoa katriji zote mbili, ya nyeusi na ya rangi, akachukua chupa ya gongo. Tone moja kwenye kitambaa, la kusafishia shaba. Tone moja kwa fundi, la kusafishia macho. Shaba zilikuwa nyingi, na fundi hakutaka kuonekana mchoyo. Alipozirudisha katriji mahali pake na kufunga, kioo kikabadilika: kigari kimekwama, na chini yake, katriji haitambuliki. Asubuhi alikuwa na kosa moja, sasa alikuwa na mawili. Hayo ndiyo maendeleo.

Ndipo alipoinama vizuri, akachungulia upande wa kulia, penye siri yake. Mtetemo ulikuwa umeiangusha kashata kutoka kijukwaani mwake. Joto la Konongo likaiyeyusha, ikanata kwenye reli ya kigari kama gundi, na kigari kwa bidii yake kikaipaka kote kilikopita. Sisimizi walikuwa wameshapata habari. Walikuwa kwenye mstari, kwa adabu, kama watu wanaokwenda kutoa rambirambi.

Akaingiza kisu cha siagi. Akakwangua. Akaipaka zaidi.

"Mume wangu," sauti ya Birago ikatoka mlangoni, "mbona kimya?"

Nyuma yake alikuwa Dwomoh, na nyuma ya Dwomoh Mjomba Bekoe na fimbo yake. Walikuja kuona vitabu. Tweneboa akafunga kifuniko kwa tumbo.

"Kumi na moja?" Dwomoh alizihesabu karatasi mezani. "Wageni mia moja na hamsini. Tutawakatia vipande, kila mtu apate jicho moja la Mama?"

"Nimeshampigia simu Dufie," Birago alisema. "Yule binti fundi wa kibandani, karibu na stendi. Anakuja kuifungua."

Kuifungua! Tweneboa aliona yote mara moja: kifuniko kinainuliwa, sisimizi wanasalimia, na Biblia ile ile inaletwa mezani. Mtu mwingine angekiri. Tweneboa alivua miwani taratibu, akatazama dari, akateremsha sauti mpaka ikawa ya kanisani.

"Hakuna wa kuifungua," alisema. "Printa ni nzima. Aliyeishika ni Mama."

"Mama nani?"

"Mama yenu. Tazameni yenyewe. Ilichapa vizuri, ilipofika kwenye uso wake ikasimama. Kigari kimeshikwa kwa mkono. Nimevuta, nikasikia mtu anavuta upande wa pili. Kuna jambo hakulipenda."

Alidhani watacheka, au watabisha kidogo, apate nafasi ya kuubeba mtambo nje. Lakini huyo marehemu alikuwa Nana Konamah, mwanamke aliyewahi kugombana na mvua mpaka ikahamia kijiji cha pili. Hakuna aliyecheka. Dwomoh alianza kutokwa jasho juu ya mdomo.

"Ni ile kente," alinong'ona.

"Kente ipi?" aliuliza Birago.

"Ya Mama. Ile nguo yake ya sherehe tuliyosema imeliwa na panya. Dada, panya ni mimi. Iko chini ya kitanda changu. Mama, nisamehe, nairudisha leo hii!"

Birago alimtazama mdogo wake kwa jicho ambalo lingetosha kukausha samaki. Lakini Mjomba Bekoe naye alikuwa ameanza kuizungusha fimbo.

"Huenda si kente," alisema. "Huenda ni majina. Mimi ndiye niliyeagiza jina langu litangulie kwenye orodha ya wafiwa, na la Birago lishuke chini, na hali yeye ndiye binti mkubwa na ndiye aliyemuuguza. Dada, nimekusikia. Nitalishusha langu." Kisha akamgeukia mkwe. "Na wewe? Wewe huna la kusema?"

"Mimi na Mama tulipendana," alisema Tweneboa.

Watu wote wakaangalia madirisha.

Mjomba Bekoe akaagiza chupa ya mraba ya kijani ya pombe kali, ile ya kuwamiminia wahenga. Akashusha vazi lake begani kwa heshima, akavua ndala, akasimama mbele ya printa kama anayesimama mbele ya kaburi.

"Nana Konamah, njoo unywe. Tumekosa, tumekiri. Kente inarudi, majina yanapangwa upya. Achia kigari, dada yangu, watu wako waimbe." Akamimina sakafuni. Matone mengine yakaenda kwenye waya.

"Achia!" waliitikia Birago na Dwomoh.

"Achia," aliitikia Tweneboa, na kwa kweli hakuna aliyeomba kwa moyo kuliko yeye.

Akabonyeza kitufe. Kraa!

"Bado ana hasira," alisema Dwomoh, akaanza kulia.

Hapo ndipo Dufie alipoingia, mkoba wa bisibisi begani. Akaona chupa, akaona mzee hana viatu, akasimama.

"Poleni, wazee wangu. Nimeambiwa ni printa."

"Nana Konamah yumo ndani," alieleza Dwomoh kwa machozi. "Ameshika kigari."

"Sawa, mama," alisema Dufie kwa heshima. "Mara nyingi ninachokuta ni karatasi. Naomba nimsabahi."

"Binti, usiguse!" Tweneboa alikilalia kifuniko. "Mtambo huu una mizimu!"

"Baba, mizimu haijawahi kunidhuru. Umeme ndio umewahi." Akachomoa waya, akamsogeza mzee kwa kiwiko, akainua kifuniko, akawasha tochi ya simu. Akanusa. Akachukua kibano, akavuta taratibu, akaweka kitu juu ya picha ya marehemu. Kilikuwa cha kahawia, kinang'aa, kina karanga, na kilikuwa kinatembea kwa nguvu za sisimizi.

"Marehemu alipenda kashata?" aliuliza.

Birago alikisogelea. Alikiangalia kile kitu, akamwangalia mumewe, akarudi kwenye kile kitu.

"Mama yangu," alisema polepole, "hakuwa na jino hata moja kwa miaka kumi na mitano."

Dufie hakujua aliyoyafanya. Aliendelea na kazi, na kueleza kama fundi anavyoeleza. "Mnaona huu mkanda mwembamba wa plastiki nyuma ya kigari? Hayo ndiyo macho yake. Ukiupaka sukari, hakijui kipo wapi, kinasimama." Aliufuta kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, akaifuta na reli, akawapulizia sisimizi waliochelewa. "Na nani aliyeweka katriji nyeusi kwenye nafasi ya ile ya rangi?"

"Wajerumani," alisema Birago.

Akazibadilisha, akafunga, akawasha. Kigari kikapita kushoto, kikapita kulia, laini kabisa. Nana Konamah akatoka mzima, pua na kila kitu, amemkunjia uso mkwe wake.

Mjomba Bekoe alivaa ndala zake, moja, kisha nyingine. Hakupaza sauti.

"Umemsingizia maiti, Tweneboa. Umenifanya nimwage kinywaji mbele ya kashata."

"Lakini kente imepatikana, Mjomba," alijaribu mzee. "Na jina la Birago limepanda. Ukiangalia vizuri—"

"Naangalia vizuri sana. Chupa mbili za kumpoza dada yangu. Na kondoo."

"Kondoo alifutwa!"

"Amefufuka. Na la tatu: utaandika kisa hiki chote, usitie chumvi, kisomwe mbele ya ukoo siku ya arobaini."

Vitabu vilikamilika Ijumaa saa tano asubuhi, mia moja na hamsini, jina la Birago likiongoza. Watu waliimba, walisoma, walijipepea. Wengine walisema vina harufu tamu. Kondoo alikuwa mnono kupita kondoo wote waliowahi kutolewa na mkwe katika nchi hii. Hayo ndiyo yaliyompata mzee Tweneboa, mtu ambaye mimi namjua kwa mbali tu...

"Kwa mbali?"

Birago amesimama nyuma ya kiti changu. Sijui amesimama hapo tangu ukurasa upi.

"'Mzee mmoja anayeitwa Tweneboa,'" anasoma kwa sauti. "Mzee gani huyo? Uliambiwa uandike *mimi*. Na kondoo yule mnono? Yule aliyekuwa anakonda hata akiwa amelala?"

"Mke wangu, hayo ni mapambo ya lugha."

"Na hii 'kashata moja tu, ya kidole gumba'? Dufie alitoa moja, sawa. Alipoondoka, nani aliyekuta nyingine sita kwenye trei ya karatasi?"

Navua miwani, naifuta. Anapanda na kidole mpaka kwenye mistari ya juu kabisa, anasoma, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"'Nikibainika nimedanganya popote,' umeandika. Haya, inuka. Dwomoh ameshapasha maji ya kunyonyolea."

Nimetoka uani. Jogoo wangu mwekundu amesimama juu ya ukuta, ananitazama vilevile alivyokuwa akinitazama mama mkwe. Namwita kwa upole, nikiwa na kiganja cha mahindi, na yeye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, ananiamini.