Kumuulizia Jaji

"Na huyu pia iko na mbwa, Mama Yasser," Nyiraneza alisema, akimwonyesha simu juu ya cherehani. "Iko na bwana, iko na diplôme. Unatafuta nini ingine?"

Ruqayya alikata uzi kwa meno. Katika kiduka chao cha mtaa wa Frogtown, huku ughaibuni, yeye akishona na Nyiraneza akisuka nywele, wiki nzima mazungumzo yalikuwa uchaguzi wa majaji, kwani huku hata jaji hupigiwa kura. Wagombea walikuwa wawili, mwanamke aliyemo kitini na mwanamume anayekitaka kiti chake, na kwenye intaneti wote walitabasamu.

"Tabasamu hata mwizi analo," alisema.

Moyoni alikwisha kuamua. Yule mwanamke ndiye aliyemfunga Yasser wake mwaka mzima, kwa kuendesha gari amelewa na kumvunja mguu mtu wa baiskeli. "Mama, huyo judge usim-vote," Yasser alimwambia kwa simu ya jela. "Mimi huku siruhusiwi. Kura yako ndo yangu." Naye akamwahidi. Jaji aliliona jina lao la Kiislamu tu, akahukumu. Ndivyo Ruqayya alivyojiambia, na ndivyo alivyopata usingizi.

Lakini kwao Lamu mtu hakatai wala hakubali kabla ya kuulizia. Posa ikija, watu hutumwa kwa majirani, msikitini, kazini kwa muoaji. Ruqayya aliwaozesha mabinti zake kwa njia hiyo, na posa mbili zilizokuja na mbwembwe alizirudisha. Basi asubuhi moja ya Oktoba alifunika cherehani, akavaa buibui lake, akaenda kuketi kwenye benchi la nyuma mahakamani kwa jaji yule, ambako yeyote anaruhusiwa.

Kabla ya adhuhuri aliletwa kijana wa Woodbury, kwa matajiri, baba yake yuko nyuma na suti, mawakili wawili ubavuni. Naye alilewa, akaendesha, akamgonga mama aliyekuwa akivuka barabara. Mawakili walisema mengi, chuo, kanisa, maisha yaliyo mbele yake. Jaji aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akatamka mwaka mmoja. Kiingereza cha Ruqayya kilikuwa cha kubabaisha, lakini maneno yale aliyajua kwa moyo. Yalikuwa yaleyale, na sauti ileile. Mama wa kijana aliangua kilio.

Ruqayya alitoka nje. Alitamani jaji angemwachilia mtoto wa watu. Angalau yeye Ruqayya angerudi nyumbani na hasira yake.

Novemba alipiga kura. Jumamosi iliyofuata aliketi mbele ya kioo cha jela, simu sikioni, mwanawe upande wa pili na yake.

"Ulinivotia, Mama?"

Kura ni siri. Angeweza kusema lolote, na nani angejua?

"Nimempa yeye," alisema. "Nilikwenda kumuulizia, mwanangu. Sikumwona na kasoro."

Yasser alimkazia macho, kidevu kikimtetemeka kama alipokuwa mdogo.

"You promised."

"Naam. Nilikuahidi."

Yasser akaiteremsha simu polepole, akailaza mezani. Hakuitundika, wala hakuinuka. Ruqayya naye hakuishusha yake; aliibana sikioni, akisikiliza viti vikiburutwa upande ule, na mtu mwingine akicheka.