Ushuhuda Uliomliza Kila Mtu

Pale saluni walimwita Jaji, na jina hilo hakulipata kwa hongo. Televisheni iliyotundikwa juu ya kioo kikubwa iliwashwa asubuhi pamoja na taa, na kila kilichopita humo kilipitia kwanza mdomoni mwake. Alisuka huku macho yako juu. Vidole vyake havikukosea msuko hata mmoja, na ulimi wake haukumsamehe mwigizaji hata mmoja.

Tamthilia alizikagua kama mtu anayechagua nyama buchani. "Hebu mwoneni huyo," angesema. "Yuko mahututi, hajui hata jina lake, lakini nywele zimetoka kubanwa leo asubuhi. Nani kamsuka, daktari?" Wateja walicheka mpaka fundi wa kucha akawaomba watulize mikono. Tajiri wa tamthilia, kwa maoni ya Jaji, hana kazi inayojulikana, kutwa yuko ngazini anashuka. Mama mkwe naye hana mlango anaoupita bila kutega sikio kwanza. Filamu za mapigano ndizo zilizomchosha kabisa, maana mtu anamiminiwa risasi za kutosha kumaliza mtaa, halafu anainuka na wigi halijasogea.

Ila kulikuwa na kipindi kimoja ambacho mbele yake Jaji alivua ujaji. Kila Alhamisi alasiri watu wa kawaida walikuja kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyowatoa mbali, na waigizaji wakakiigiza kisa chenyewe huku msimulizi akiendelea kusimulia. Hapo draya zilizimwa. Mtangazaji wa kipindi, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, Jaji alimpenda utadhani wamezaliwa tumbo moja. "Hivi si vya kutunga," alikuwa akisema. "Mtu hawezi kusimama mbele ya Mungu na kamera akadanganya." Nesi, mteja wake wa siku nyingi, aliwahi kumjibu kwamba kamera ni kamera tu. Jaji alimnunia mpaka kichwa kikaisha kusukwa.

Alhamisi hiyo nesi ndiye aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Jaji alikuwa na furaha yake. Mdogo wake wa kiume, ndugu pekee aliyekuwa naye, alikuwa anaoa wiki iliyofuata katika mji mwingine alikofanya kazi ya bima. Mama yao alifariki kijana huyo bado hajui kufunga vifungo vya shati, na Jaji ndiye aliyeacha shule akamlea. Kwa hiyo kwenye harusi yeye ndiye angekaa kiti cha mama, na hakuwa na kitu kingine duniani alichokitaka kama hicho. Kilichomkwaza kidogo ni simu ya juzi, mdogo wake akimwambia asijisumbue kuja mapema, shughuli yenyewe ni ndogo. Alijiambia kwamba kijana anamhurumia na safari.

Kipindi kikaanza. Mtangazaji akamkaribisha mgeni, kijana aliyevaa suti ya kijivu, na mikono ya Jaji ikasimama. Alikitambua kile kijizunguko cha nywele juu ya paji la uso kabla hajaitambua sura. Miaka nenda miaka rudi alihangaika nacho kwa chanuo na maji, na bado kilikuwa kimesimama vilevile.

"Nililelewa na dada yangu," alisema kijana kwenye televisheni. "Alisuka nywele za watu ili mimi nile."

Kifua cha Jaji kikajaa. Hakuna pale ndani aliyemjua mdogo wake kwa sura, maana kijana hakuwahi kukanyaga saluni ile. Akafungua mdomo awaambie kwamba huyo ni wake, na dada anayesifiwa ni yeye.

"Alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo," kijana akaendelea. "Alinishika mkono, akaniambia nisiache kusali."

Mdomo wa Jaji ukabaki wazi. Kwenye skrini akatokea mwanamke amelala kitandani, shuka mpaka kidevuni, anakohoa. Huyo ndiye aliyekuwa yeye. Alimwona akiushika mkono wa mwigizaji mwenzake, akisema maneno ambayo Jaji hakuwahi kuyasema, kisha kichwa kikalegea upande na muziki ukapanda. Jaji alijitazama kwenye kioo kilichokuwa chini ya televisheni, akajiona amesimama na chanuo mkononi, anapumua.

Saluni nzima ililia. Fundi wa kucha alijifuta kwa taulo ya mteja. Nesi, ambaye kazini kwake ameshawafumba macho watu wengi, alikuwa anapenga kamasi.

"Leo hata mimi kimeniweza," alisema nesi. "Haya Jaji, unasemaje?"

Wote wakamgeukia. Akisema ni uongo, atakuwa amemwanika mdogo wake hadharani. Akisema ni kweli, atakuwa amejizika mwenyewe. Alitafuta la kusema, likamtoka lililokuwa karibu.

"Wigi halijakaa. Mtu aliyeugua siku nyingi hawi na wigi la namna ile."

Nesi akamgeukia kwa ukali na nusu kichwa chake. "Hebu acha hizo. Marehemu wa watu unamfanyia mzaha?"

Jaji aliweka chanuo chini, akatoka uani walikoanika mataulo, akapiga simu. Ilipokelewa upesi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nimekufa lini?"

Mdogo wake akaanza kuongea harakaharaka, kwamba kipindi kilirekodiwa zamani, kwamba hakujua kingeonyeshwa kabla ya harusi, kwamba alikuwa anatafuta wakati mzuri wa kumweleza.

"Sikukuuliza kilirekodiwa lini."

"Wakwe walitaka kuwajua watu wangu," alisema mwishowe. "Ni watu wa dini, wapole, hawatoi neno bila kulipima. Nikakuwaza wewe umekaa sebuleni kwao. Dada, wewe ukiingia mahali unatoa hukumu. Ungemwambia mama mkwe nywele zake ni za bandia kabla hata hujapewa maji ya kunywa. Nikaona haya, nikasema sina mtu, aliyenilea amefariki. Wakalia. Halafu wao wenyewe wakaniombea nafasi kwenye kipindi. Ningekataaje?"

Hilo la nywele lilimchoma kuliko hata kifo chenyewe, kwa sababu alijua angelisema kweli. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Siku zote aliamini kwamba mdomo wake ndio uliomchekesha mtoto yule walipokuwa hawana kingine cha kuwachekesha. Kumbe mtoto alikuwa anakua huku anauogopa. Iliuma, na hakujifanya kwamba haiumi.

"Na kiti changu anakaa nani?"

"Mtangazaji amejitolea," alijibu kwa sauti iliyofifia. "Lakini wewe njoo, dada. Nitasema wewe ni jirani aliyetusaidia zamani. Nitakuweka safu ya pili, utaona kila kitu. Nakuomba sana."

Jaji alilipima. Jirani naye angeshiba, angepiga makofi, angemwona kijana anavishwa pete, na hakuna ambaye angeumia. Kabla hajajibu, akasikia kwa mbali sauti ya msichana ikiuliza ni nani huyo, na mdogo wake akijibu bila hata kusita kwamba ni yule jirani yao wa zamani. Simu ikahama mkono.

"Shikamoo mama," alisema msichana, kwa uchangamfu wa mtu aliyesubiri simu hiyo. "Sijawahi kuongea na mtu wa kwao hata mmoja. Basi wewe ulimjua marehemu dada yake? Yeye nikimwuliza analia, nikaamua kumwacha. Niambie wewe, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nyuma yake mdogo wake alikuwa akisema, "Mpenzi, lete simu. Lete hiyo simu."

"Marahaba mwanangu." Jaji aliishika simu kwa mikono yote miwili. "Ana mdomo. Ana mdomo mbaya sana, na huyo kijana anampenda kupita kiasi. Lakini kuugua kwa kulala kitandani hajaugua mpaka leo. Mimi ndiye dada yake."

Msichana hakupiga kelele wala hakukata simu. Kisha Jaji akamsikia akimgeukia mchumba wake na kumwuliza polepole, neno moja moja:

"Na mama yako je? Naye alikufa kweli?"