Bado, Bado, Sasa

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Alilala chali chini ya ndege ndogo ya baba yake, akaelekeza tochi kwenye mguu wa gurudumu la kushoto. Mstari wa rangi ya njano aliouchora mwenyewe, ule unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti, ulikuwa umekatika. Nati ilikuwa imesogea. Na bati la tumbo la ndege, juu yake, lilikuwa na makunyanzi kama shati lililolaliwa.

"Baba, jana ulitua vipi?"

"Salama salmini," mzee akajibu, huku akijitia kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi hata chembe. Miaka arobaini ya urubani ilikuwa imemfundisha mengi, lakini kusema uongo kulimshinda kabisa.

"Baba."

"Haya, iligonga kidogo."

"Kidogo gani? Mguu umepinda! Mama hakuumia?"

"Hakuja. Goti lilimsumbua."

Fundi akashusha pumzi. Mguu ungebadilishwa, hilo halikumpa shida. Shida ilikuwa karatasi ya ukaguzi. Bila sahihi yake, baba asingeruka mwaka huo, na kuruka ndiko kulikomfanya mzee huyo aamke kila siku akipiga mluzi. Lakini rubani wa miaka arobaini anaibwagaje ndege chini kama gunia, mchana kweupe, upepo umetulia?

Jioni akapita nyumbani kwao. Alipofika getini aliwaona wazazi wake wakishuka ngazi za barazani, wameshikana mikono, mama akichechemea. Hawakumwona.

"Bado," mama akasema kwa sauti ndogo. "Bado. Sasa." Na mguu wa baba ukakanyaga ardhi taratibu.

Fundi akasimama palepale. Maneno yale hakuwahi kuyasikia vizuri, ila midomo ile ikichezacheza aliijua. Kila walipokuwa wakitua, mama, kwenye kiti kilicho kando ya baba, alinong'ona hivyo hivyo, na familia nzima ikamtania kwamba ni mwoga, anasali.

Mama aliporudi ndani, fundi akamfuata jikoni. "Tangu lini, Mama?"

Mama hakukana. "Mwaka na nusu. Vya mbali anaviona. Ardhi ikikaribia ndipo anaona ukungu mtupu."

"Wewe hata ile saa ya ndege ya kupimia urefu kutoka ardhini hujui kuisoma!"

"Majani nayajua. Pembeni ya uwanja pana majani. Nikianza kuona jani mojamoja, namwambia sasa." Alisema kwa majivuno kidogo, kisha akashusha sauti. "Ukimzuia, mwanangu, atakuwa nani?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Usimgombeze mama yako. Mimi ndiye niliyemwomba. Na jana angekuwepo, usingeona hata mkwaruzo."

"Najua, Baba. Na siku atakayopiga chafya?"

Mzee akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, wakaangua kicheko wote wawili. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakwisha. Fundi alitamani kumkumbatia na kumwambia basi, nitasaini. Alimpenda mno hata asiweze kusema hivyo.

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa ndege, akauweka kiganjani mwa binti yake. "Mguu uufunge vizuri," akasema.

Wiki tatu baadaye ndege ilikuwa tayari. Rubani kijana wa kukodiwa alishika usukani, fundi akakaa kando yake, na wazee wakakaa nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwao. Walizunguka mji mara mbili, kisha wakaanza kushuka. Kiwanja kilipokaribia, fundi akasikia nyuma yake ile sauti ndogo.

"Bado... bado..."

Magurudumu yakagonga. Si kwa nguvu, ila yaligonga.

"Huyu hakukusubiri," baba akanung'unika.

Fundi akageuka. Mzee alikuwa amefumba macho, pengine tangu walipoanza kushuka, na mkono wake ulikuwa ndani ya mikono ya mama. Alibaki hivyo ndege ikitembea hadi mlangoni mwa karakana, hadi injini ikazimwa, na hakuna aliyefungua mkanda.

"Sasa," mama akamwambia, naye akafumbua macho.