Sauti ya Shangazi Ozella

Jumapili baada ya ibada, Shangazi Ozella alipakua kuku wa kukaanga, sukumawiki na mkate wa mahindi, akafumbua mdomo kushukuru chakula. Maneno yakatoka kinywani mwa mpwa wake, Thaddeus, aliyeketi mkabala naye.

“Amina,” wageni wakaitikia, wakaanza kula.

Thaddeus alikuwa mwandishi na mchekeshaji Mweusi, mtu wa kejeli kali, na jiji zima la St. Louis, Marekani, lilimjua. Kila Ijumaa alipanda jukwaani kumwigiza shangazi huyu aliyemlea: anavyoligombeza basi lililomwacha, anavyomsema mchungaji huku akimmiminia chai. Alimwigiza vizuri mno, mwishowe sauti ya Shangazi ikamhamia yeye. Daktari alimchunguza Shangazi koo, akasema ni zima, ila tupu. Kwaya ya kanisa aliyokuwa akiimba ikampa mtu mwingine nafasi yake.

“We Thad,” Shangazi alisema, midomo yake ikicheza na sauti ikitokea kwa Thaddeus, katikati ya tonge. “Nirudishie sauti yangu.”

Thaddeus akameza. “Nitarudisha, Shangazi. Nimalize msimu huu tu.”

“Mwaka jana ulisema hivyohivyo.”

Thaddeus alishindwa kumtazama. Dawa aliijua: aache kumwigiza. Lakini tiketi zilikuwa zimekwisha hadi Krismasi. Jumapili iliyofuata hakwenda kula, wala iliyofuata hiyo.

Basi Ijumaa moja Shangazi akavaa kofia yake ya kanisani, akaenda kukaa mstari wa mbele, kati ya Wazungu waliovalia vizuri. Onyesho lilipokolea akasimama, akafumbua mdomo.

“Mnacheka nini?” sauti ikauliza kutoka jukwaani. “Huyu nimemwogesha mimi, nimemlisha mimi. Nataka kuimba. Nataka kumwita jirani yangu dirishani.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana mmoja akavua miwani apanguse machozi.

“Jamani, ni kweli,” Thaddeus akasema kwa sauti yake mwenyewe. “Nimemwibia.”

Wakacheka zaidi, wengine wakapiga miguu sakafuni.

Meneja wa ukumbi alifurahi, akampa Shangazi kiti cha kudumu. Naye huenda kila wiki, kwa kuwa hana pengine pa kusemea. Thaddeus humpokea mlangoni, humshika mkono hadi kitini, macho yake yakiwa chini. Taa za jukwaa zikiwaka, Shangazi husimama na kueleza tena toka mwanzo, polepole, labda safari hii wataelewa.