Trekta Alilomchagulia Mama Jovin

Herieli alilijua jibu hata kabla injini hazijawashwa. Matrekta mawili ya zamani yalikuwa yameegeshwa uani kwa mzee mmoja wa Singe aliyekuwa anaachana na kilimo na kuyauza: dogo jekundu na kubwa la bluu. Shamba la Mama Jovin liko Sigino, ubavuni mwa kilima, limejaa makinga maji, matuta ya kuzuia mmomonyoko, toka juu hadi chini. Dogo ndilo lingegeuka mle bila taabu.

"Shemeji, mimi najua jembe la mkono tu," Mama Jovin alimwambia. Marehemu mumewe, Sosthenes, alikuwa rafiki wa Herieli tangu ujana. "Utakalosema ndilo nitakalochukua."

Herieli alilisikiliza lile jekundu. Lilinguruma taratibu, halikutoa moshi, na plau lilinyanyuka bila kutetemeka. Miaka thelathini alikuwa fundi wa matrekta ya watu, lake mwenyewe hana. Tamaa ikamshika.

"Chukua la bluu," akasema. "Lina nguvu. Hilo dogo limeshachoka."

Mama Jovin akamshukuru, akalichukua. Wiki mbili baadaye Herieli alirudi kimyakimya akalinunua jekundu.

Mvua zilipoanza, Elieza, dereva wa Mama Jovin, alikuwa akigeuza la bluu mwisho wa tuta. Gurudumu la nyuma likabomoa ukingo, trekta likalala ubavu. Elieza akavunjika mguu.

Herieli alipofika hospitali alimkuta Mama Jovin kwenye benchi nje ya wodi.

"Kosa ni langu, Shemeji," alisema kabla Herieli hajaketi. "Ulinichagulia chombo kizuri, mimi nikakipeleka pasipofaa."

Afadhali angemtukana. Herieli alivua kofia, akaikunjakunja mikononi. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa anamshuku.

"Nilikudanganya, Mama Jovin. Lile dogo halikuwa limechoka. Nililitaka mwenyewe. Liko nyumbani kwangu."

Mama Jovin akageukia mlango wa wodi.

"Sosthenes alikuwa anasema, ukitaka ukweli wa mashine, muulize Herieli."



"Kesho utalileta," mama akaendelea, sauti yake ile ile ya chini. "La bluu ukalitoe mwenyewe kule lilikolala, liwe lako. Na wewe ndiye utakayenilimia mpaka Elieza asimame. Shamba la Elieza pia."

"Nitalima."

Akalima msimu mzima. Jekundu lilizunguka kwenye makinga maji kama lilivyopaswa, na kila lilipogeuka salama, roho ilimuuma upya. Siku za shamba la Elieza, mkewe Rosemary alimletea chai na viazi vitamu pembeni mwa shamba, akamsalimu kwa heshima, akamuuliza habari za watoto.

Herieli hakujua kama Rosemary ameambiwa kuhusu ule uongo. Alikula ameinamisha kichwa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akapanda tena kwenye trekta.